Mama Kevina: Mtawa aliyewafungulia wasichana mlango wa uuguzi

KIJANA wa kata ya Bujonde, wilayani Kyela, anayehitimu kidato cha sita na kutamani shahada ya uuguzi katika chuo kikuu cha Kikatoliki, hana budi kufunga safari ndefu. Kutoka katika tambarare hizo za mpunga na kakao, karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, atapanda milima kuelekea Mbeya, kisha ataikata nchi hadi Mwanza, kwenye kilima cha Bugando, ambako Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi (CUHAS) hufundisha uuguzi kwa kiwango cha shahada.

Leo safari hiyo haimshangazi mtu. Wazazi huhangaikia nauli, ada na mkopo, si swali la kama msichana anafaa kusomea kazi hiyo. Lakini miaka 100 iliyopita swali hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Wengi hawakuamini kwamba binti wa Kiafrika angeweza kusoma kipimajoto, kuandika taarifa ya mgonjwa na kumzalisha mama bila kusimamiwa. Na ndani ya Kanisa Katoliki lenyewe kulikuwa na sheria iliyomzuia mtawa kukaribia kitanda cha mwanamke anayejifungua.

Miongoni mwa watu waliotumia maisha yao kuiondoa mizigo hiyo miwili, hakuna anayekumbukwa Afrika Mashariki kuliko Mama Kevin, ambaye watu wa Uganda walimwita Mama Kevina. Hakuwa daktari. Alisomea ualimu, na pengine ndiyo sababu aliuona uuguzi kuwa jambo la darasani kwanza, kisha la wodini.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa Aprili 28, 1875, karibu na mji wa Arklow, katika wilaya ya Wicklow nchini Ireland, akiwa binti wa tatu wa familia ya wakulima. Hakumwona baba yake. Mzee Michael Kearney alikufa kwa ajali miezi mitatu kabla binti huyo hajazaliwa. Mama yake aliolewa tena, akapata watoto wengine, naye akafariki dunia Teresa akiwa na umri wa miaka 10. Yatima huyo alilelewa na bibi mzaa mama, mwanamke wa sala na wa kazi, ambaye naye aliaga dunia Teresa alipofikisha miaka 17.

Ireland ya wakati huo ilikuwa nchi maskini chini ya utawala wa Uingereza, ikikumbuka bado njaa kuu ya viazi ya miaka ya 1840 iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine ng'ambo. Msichana asiye na baba wala mali alikuwa na milango michache ya kupita: ndoa, utumishi wa nyumbani, kuhamia Marekani, au utawa. Teresa alipata mafunzo ya ualimu msaidizi kwa Masista wa Huruma huko Rathmines, Dublin, kisha akavuka bahari kwenda kufundisha Uingereza.

Mwaka 1895 aliingia katika abasia ya Mtakatifu Maria, Mill Hill, kaskazini mwa London, kwenye shirika la masista Wafransisko. Alipoweka nadhiri mwaka 1898 alipewa jina la Sista Mary Kevin. Jina hilo lilikuwa la nyumbani kwao: Mtakatifu Kevin ndiye aliyeanzisha monasteri maarufu ya Glendalough, katika wilaya hiyohiyo ya Wicklow.

Ndoto yake haikuwa Afrika. Shirika lake lilikuwa na kazi Baltimore, Marekani, ya kuwalea watoto weusi ambao jamii ya huko iliwatupa kando, na Sista Kevin aliomba kupelekwa huko. Alisubiri, barua ikaja na jina la nchi nyingine. Askofu Henry Hanlon, wa wamisionari wa Mill Hill waliofika Uganda mwaka 1895, alikuwa akiomba masista.

Ombi la askofu huyo lilikuwa na historia yake. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana vita, na Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliusaidia upande wa Waprotestanti. Kwa kuwa wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki huko walikuwa Wafaransa, Ukatoliki ulionekana kuwa dini ya Wafaransa, na Uprotestanti dini ya Waingereza. Wamisionari wa Mill Hill waliletwa ili kuonyesha kwamba mtu anaweza kuzungumza Kiingereza na bado akawa Mkatoliki. Walipewa kilima cha Nsambya. Waprotestanti walikuwa Namirembe, ambako tangu mwaka 1897 Dk. Albert Cook alikuwa na hospitali ya Mengo. Na Mapadre Weupe walikuwa Rubaga. Vilima vya Kampala vilikuwa vikitazamana kwa wivu, na hospitali ilikuwa mojawapo ya silaha za ushindani huo. Si jambo la kupendeza kulisema, lakini wagonjwa walifaidika.

Masista sita waliondoka London Desemba 3, 1902. Watatu walikuwa wa Ireland, mmoja Mmarekani, mmoja Mwingereza na mmoja wa Scotland. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka mmoja tu uliotangulia, hivyo safari iliyowachukua wamisionari wa awali miezi kadhaa kwa miguu, wao waliimaliza kwa wiki chache. Januari 15, 1903 walikuwa Nsambya.

Walikuta nchi katika msiba. Malale ilikuwa ikivifyeka vijiji vya pwani ya Ziwa Victoria, hasa Busoga na visiwani. Katika miaka ya mwanzo ya karne hiyo ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000, hadi serikali ya kikoloni ikaamua kuwahamisha kwa nguvu wakazi wa ufukweni. Juu yake kulikuwa na malaria, ndui, tauni na kaswende, na vifo vya watoto wachanga ambavyo hakuna aliyevihesabu.

Zahanati ya kwanza ya masista haikuwa na paa. Ilikuwa chini ya mwembe, karibu na nyumba yao. Wagonjwa waliketi chini, dawa zikawekwa mezani, na kazi ikaanza asubuhi hadi jua lilipokuwa kali. Sista Kevin alifunga vidonda, akagawa kwinini, akafundisha watoto kusoma, akajifunza Kiganda kwa kuongea na watu hao hao. Kutokana na mwembe huo ilizaliwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko Nsambya, ambayo huhesabu umri wake tangu mwaka huo wa 1903.

Mwaka 1906 masista walifungua kituo cha pili Nagalama, yapata kilomita 37 kutoka Nsambya. Mwaka 1910 mkuu wao, Mama Paul, aliugua na kulazimika kuondoka, na Sista Kevin akachukua nafasi yake akiwa na miaka 35. Tangu hapo akawa Mama Kevin. Kituo cha tatu, Kamuli, kilifuata katika nchi ya Busoga, mahali ambapo malale ilikuwa imewaacha wajane na yatima wengi.

Kisha ikaja vita.

Kwa mkazi wa Bujonde, Vita Kuu ya Kwanza si habari ya mbali. Mto Songwe, ambao leo ni mpaka wa Tanzania na Malawi, ulikuwa mpaka wa Wajerumani na Waingereza. Septemba 1914 jeshi la Wajerumani liliuvuka kwenda kuishambulia Karonga na kurudishwa nyuma. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka huo kuelekea kaskazini, yakaingia Tukuyu, wakati huo ikiitwa Neu Langenburg. Nyuma ya kila askari walitembea wapagazi, wakiwa na mizigo kichwani, na wengi wao hawakurudi makwao.

Ndivyo ilivyokuwa pia upande wa Uganda. Vita ya Afrika Mashariki ilipiganwa kwa migongo ya wapagazi, na jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao hadi leo. Walikufa kwa kuhara, nimonia, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Hospitali ya Nsambya ilifanywa kuwa ya wapagazi hao, na Mama Kevin na masista wake wakawauguza watu walioletwa wakiwa mifupa mitupu, ambao jeshi liliwaandika katika daftari kama mizigo mingine.

Desemba 1918 serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE kwa kazi hiyo. Mwanamke wa Ireland aliyepewa nishani ya Dola ya Uingereza katika mwaka ambao nchi yake mwenyewe ilikuwa karibu kuingia vitani na dola hiyo: historia ina mizaha yake. Hakuna dalili kwamba nishani hiyo ilimshughulisha sana. Kilichomshughulisha ni hesabu rahisi iliyofichuliwa na vita. Masista walikuwa wachache, wagonjwa maelfu. Hata Ulaya yote ingetuma watawa wake, wasingetosha. Wauguzi wangepaswa kutoka miongoni mwa watu wenyewe.

Hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanzia.

Baada ya vita alikuja Nsambya daktari mwanamke, Evelyn Connolly, mmisionari mlei, yaani asiye mtawa. Ujio wake ulikuwa muhimu kwa sababu isiyohusiana na ujuzi wake peke yake. Sheria za Kanisa za wakati huo hazikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya udaktari kamili wala ukunga. Mtawa aliyeweka nadhiri ya useja, ilifikiriwa, hakustahili kushuhudia uzazi. Huko Ulaya, palipokuwa na wakunga na madaktari walei, katazo hilo lilikuwa usumbufu tu. Kamuli au Nagalama lilikuwa hukumu ya kifo: sista alisimama nje ya mlango, mama ndani akivuja damu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwita.

Mama Kevin hakuvunja sheria hiyo hadharani wala hakuipuuza. Aliipita kwa pembeni. Mwaka 1921, pamoja na Dk. Connolly, alianzisha Nsambya shule ya kuwafundisha wasichana wa Kiafrika uuguzi na ukunga. Ikiwa sista hakuruhusiwa kumzalisha mama, binti wa Kiganda au wa Kisoga aliyefunzwa vizuri aliruhusiwa. Daktari mlei angefundisha, mtawa angesimamia nidhamu, mabweni, chakula na vitabu, na mhitimu angekwenda kijijini na mkoba wake.

Si yeye peke yake aliyekuwa na wazo hilo. Kule Mengo, Dk. Cook na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi mwenye mafunzo kamili, walikuwa nao wakianzisha shule yao ya wakunga katika miaka hiyohiyo. Tofauti ilikuwa kwamba akina Cook walizuiwa na uhaba wa fedha na watu; Mama Kevin alizuiwa na hayo, na pia na Roma.

Tatizo la kwanza la shule ya Nsambya lilikuwa elimu ya msingi. Muuguzi lazima ajue kusoma lebo ya chupa, kugawanya kipimo cha dawa, kuandika joto la mwili kila baada ya saa kadhaa na kuelewa kwa nini maji yachemshwe hata yakionekana masafi. Wasichana waliokuwa na elimu ya kutosha walihesabika kwa vidole. Wazazi wengi waliona shule ya binti ni kupoteza mahari. Mwalimu Teresa Kearney aliyekuwa amejificha ndani ya Mama Kevin akaamka: akafungua shule za wasichana kila alipofungua zahanati, ili moja imlishe mwenzake.

Juhudi hizo zilizaa matunda makubwa zaidi katika miaka ya 1940, pale ilipoanzishwa sekondari ya wasichana ya Mount St. Mary's, Namagunga, mwaka 1942. Shule hiyo imekuwa miongoni mwa shule mashuhuri za wasichana Afrika Mashariki. Dk. Specioza Wandira Kazibwe, daktari wa upasuaji aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa Uganda mwaka 1994, alisoma hapo. Bila sekondari ya namna hiyo, inayofundisha fizikia, kemia na baiolojia kwa wasichana, mazungumzo yoyote kuhusu shahada ya uuguzi yangekuwa ndoto ya mchana.

Tatizo la pili lilikuwa la kudumu kwa kazi. Msichana aliyefunzwa miaka kadhaa aliolewa, na mara nyingi mume hakumruhusu kuendelea. Mwaka 1923 Mama Kevin alianzisha shirika la watawa wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, likianza na wasichana wanane huko Nkokonjeru. Wengine walicheka. Wapo wazungu, na hata baadhi ya watu wa misheni, walioamini kwamba mwanamke wa Kiafrika hangeweza kuishi nadhiri za utawa. Mapadre Weupe walikuwa wameshaonyesha kinyume chake huko Masaka kwa shirika la Bannabikira, na wale wanane wa Nkokonjeru nao walionyesha hivyo. Shirika lao lilikua na kuvuka mipaka hadi Kenya na Tanzania, likiwa na walimu, wauguzi na wakunga wake.

Yapo mambo ya kumhoji Mama Kevin hapa. Wasichana hao hawakupokelewa katika shirika lake mwenyewe. Walijengewa shirika la kwao, pembeni, wazungu huku na Waafrika kule. Watetezi wake husema kwamba shirika la kienyeji liliwapa Waafrika uongozi wao wenyewe mapema, bila kusubiri idhini ya London. Wakosoaji husema kwamba ulikuwa ubaguzi wa enzi hizo uliovaa kanzu ya kitawa. Huenda wote wana sehemu ya ukweli. Jambo lisilopingika ni kwamba shirika hilo lipo hadi leo, likiongozwa na Waafrika, wakati mashirika mengi ya Ulaya yamekosa vijana wa kuyarithi.

Katika miaka ya 1930 alielekeza macho kwa wagonjwa ambao hata hospitali ziliwafungia milango. Vituo vya wakoma vilianzishwa Nyenga na Buluba. Wakati huo ukoma haukuwa na tiba ya uhakika. Mafuta ya chaulmoogra yalichomwa kwa sindano zenye maumivu, na matokeo yalikuwa ya kubahatisha. Kilichotolewa Nyenga na Buluba kwa wingi kilikuwa kuosha vidonda, chakula, shamba la kulima na watu wa kuzungumza nao. Buluba baadaye ikawa kituo cha mafunzo ya tiba ya ukoma, hasa chini ya Dk. Wanda Błeńska, daktari wa Kipoland aliyefika huko mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kukaa kwa miongo minne.

Wakati huohuo Mama Kevin alikuwa akisafiri Ulaya na Marekani kutafuta fedha na watu. Alipata nyumba ya malezi ya wanovisi huko Yorkshire, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1920, na nyingine Mount Oliver, karibu na Dundalk, Ireland, mwaka 1935. Alitaka masista wanaokuja Afrika wawe wamesomea kazi wanayokwenda kuifanya: walimu wenye vyeti, wauguzi wenye vyeti. Nia njema pekee, kwa maoni yake, haikumponya mtu malaria.

Na hatimaye Roma ikasikia. Kwa miaka mingi wanawake kadhaa Wakatoliki walikuwa wakibisha hodi katika mlango huo mmoja. Dk. Agnes McLaren wa Scotland alianza, Dk. Anna Dengel wa Austria akaendeleza, akianzisha mwaka 1925 shirika la wanawake wa tiba. Mary Martin wa Ireland alikuwa akingoja ruhusa ili aanzishe shirika lake. Mama Kevin anatajwa miongoni mwa waliosukuma kutoka uwanja wa misheni, akiwa na ushahidi ambao mwanasheria wa Roma hakuweza kuubishia: makaburi ya akina mama na watoto. Februari 1936 Vatikani ilitoa waraka uliowaruhusu watawa kusomea na kufanya kazi ya udaktari na ukunga, na kuwahimiza wapate vyeti vinavyotambuliwa.

Uzito wa waraka huo haueleweki kwa urahisi leo. Ulibadilisha maana ya mtawa hospitalini. Kabla yake, sista alikuwa msaidizi mwenye huruma. Baada yake, aliweza kuwa mtaalamu mwenye leseni, mkunga, daktari, mkufunzi. Vyuo vya uuguzi vya Kikatoliki vilivyoenea Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1940 na 1950 vilijengwa juu ya ruhusa hiyo, kwani walimu wake wengi wa mwanzo walikuwa watawa ambao mwaka 1935 wasingeruhusiwa kufundisha kile walichokifundisha.

Hata hivyo, ilichukua muda mrefu kufikia shahada. Kwa miongo kadhaa muuguzi wa Afrika Mashariki alipewa cheti, baadaye stashahada, naye alitazamwa kama mikono ya daktari. Chuo kikuu kilikuja baada ya hospitali, si kabla yake. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971; chuo kikuu kishiriki cha afya kikaanza hapo mwaka 2003, na kutoka humo ikatoka CUHAS. Ifakara nako, chuo kikuu kishiriki cha afya cha Mtakatifu Fransisko kilimea pembeni ya hospitali kongwe ya misheni. Uganda ilipata Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi, mwaka 1993, na shule ya uzamili ya tiba iliyopo hospitali ya Nsambya, chini ya chuo hicho, ikapewa jina la Mother Kevin. Pale alipogawa kwinini chini ya mwembe, madaktari sasa husomea ubingwa.

Kyela yenyewe ilifuata mkondo mwingine. Tiba ya misheni kaskazini mwa Ziwa Nyasa ililetwa zaidi na Wamoravian na Walutheri, walioweka vituo Rungwe, Ipyana na Matema, na hospitali ya Matema ni ya Walutheri hadi sasa. Lakini shida iliyowakabili ilikuwa ileile. Masika inapokolea, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, njia hukatika, na mama mwenye uchungu hawezi kungoja maji yapungue. Anachohitaji ni mtu mwenye ujuzi aliye upande wake wa mto. Hilo ndilo Mama Kevin aliloliona Busoga mwaka 1913, na ndilo lililomfanya ang'ang'anie kuwafundisha wasichana wa mahali badala ya kuomba masista zaidi kutoka ng'ambo.

Mwaka 1952, akiwa na miaka 77, alipata lile ambalo kazi yake ilikuwa imelidai kwa muda mrefu. Masista wa Afrika walitenganishwa na abasia ya Mill Hill na kuwa shirika linalojitegemea, Masista Wamisionari Wafransisko kwa Ajili ya Afrika, naye akawa Mama Mkuu wake wa kwanza. Makao yakawekwa Mount Oliver. Alishika uongozi huo miaka mitatu.

Mwaka 1955 alistaafu, kama neno hilo lilimfaa. Akiwa na miaka 80 alitumwa Boston, Marekani, kuongoza nyumba ya masista na kuchangisha fedha za hospitali na shule za Afrika. Nchi aliyoiomba akiwa msichana aliipata akiwa kikongwe. Alikwenda parokia kwa parokia, akieleza habari za Nsambya, Kamuli na Buluba kwa watu ambao wengi wao hawakuweza kuionyesha Uganda kwenye ramani, na wakatoa.

Alifariki dunia huko Brighton, Boston, Oktoba 17, 1957, akiwa na umri wa miaka 82. Mwili ulisafirishwa Ireland na kuzikwa Mount Oliver, miongoni mwa masista wake. Ilidhaniwa kwamba mambo yameishia hapo.

Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Kwao, mwanamke aliyeishi nao zaidi ya nusu karne, aliyewazalishia wakunga na kuwaoshea wakoma wao, hakuwa mgeni wa kuzikwa ugenini, na ugeni hapa ulikuwa Ireland. Jina lake lilikuwa limeshaingia katika lugha. Kwa watu wengi Kevina lilikuja kumaanisha hospitali au nyumba ya huruma, bila kujali nani aliijenga. Walidai mwili wao, na shirika likaridhia. Kaburi la Mount Oliver likafukuliwa, jeneza likapandishwa ndege kuelekea Entebbe, na umati ukajitokeza kuupokea mwili.

Baadaye, mwaka 2016, jimbo la Lugazi lilifungua rasmi mchakato wa kumwombea atangazwe mwenye heri, naye sasa huitwa Mtumishi wa Mungu. Mchakato wa namna hiyo huchukua miaka mingi, na hukumu yake si ya magazeti.

Mazishi ya pili yalifanyika Desemba 3, 1957, miaka 55 kamili tangu siku ile alipoondoka London na wenzake watano. Alizikwa Nkokonjeru, nyumbani kwa Masista Wadogo, mahali ambapo mwaka 1923 wasichana wanane walikuwa wameanza.